Nikamjibu wa Jirani

Kule baa walimwita Dobi, naye hakuwa na neno, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomlisha. Kutwa nzima alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi, mvuke ukimpanda usoni, akinyoosha mashati ya watu wasiomjua hata kwa sura. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa makovu ya pasi. Jumapili alasiri mkono huohuo ulivaa shingo ya chupa iliyokatwa kwenye kidole cha mwisho, ukateleza juu ya nyuzi, na gitaa likalia kama mtu.

Baa yenyewe ilikuwa nyuma ya gereji. Kila Jumapili kulikuwa na jukwaa huria la bluzi: bendi ya pale ilipiga kwanza, kisha akapanda yeyote mwenye chombo na ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Walikuja wa kila namna. Kulikuwa na mwalimu wa shule aliyepuliza harmonika huku amefumba macho, na kulikuwa na daktari wa meno mwenye gitaa la bei mbaya ambaye akianza solo haachi. Watu walisema huyo anang'oa bila ganzi. Mwenye jukwaa alikuwa Kofia, mwimbaji mkuu wa bendi, mwanamume wa makamo mwenye kofia pana asiyoivua hata kwenye joto, na ulimi laini kuliko mafuta. Nyuma yake, kwenye dramu, alikaa kaka yake Dobi. Tumbo moja, walikuwa wawili tu.

Kofia alimpandisha Dobi mwisho kila mara, wakati watu wameshaanza kutafuta viatu chini ya meza. "Na sasa dada yetu wa pasi," alikuwa akisema, "apande atunyooshe!" Watu wakacheka. Halafu katikati ya wimbo alikuwa akiinama, kana kwamba anaokota kitu, akaipunguza sauti ya spika ya Dobi. Dobi alimwona. Akaendelea kupiga. Aliwahi kumwambia kaka yake, na kaka akajibu, "Ah, usimjali. Ndivyo alivyo."

Ndivyo alivyo. Maneno hayo Dobi aliyachukia kuliko kile kicheko.

Nyumbani ni kwa mama yao, na aliyekaa na mama ni Dobi. Kaka alihamia upande wa pili wa mji na mkewe. Akipigiwa simu, hakukosa udhuru. Mama alikuwa anasahau. Alianza kwa kusahau sufuria jikoni, akaja kusahau njia ya choo, na asubuhi moja, Dobi akiwa anamvalisha gauni, mama alimtazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni, akamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani, mwanangu?"

Mara ya kwanza Dobi alimwambia ukweli, na mama akalia kwa aibu mpaka jua likakaribia utosini. Toka siku hiyo alijibu, "Mimi wa jirani, mama. Nimepita kukusalimia." Mama akafurahi. Akamshukuru kwa wema wake, akamwuliza wazazi wake hawajambo.

Kutokana na hayo Dobi akatunga wimbo. Ulikuwa bluzi ya polepole, ya mistari mitatu, mmoja ukirudiwa na wa tatu ukijibu:

*Mama kanitazama, kauliza we mtoto wa nani,*
*Nasema mama kanitazama, kauliza we mtoto wa nani,*
*Nikamjibu wa jirani, nimepita kukusalimia ndani.*

Aliuimba mara moja tu pale baa, mwisho kama kawaida, mbele ya meza chache. Mwalimu wa harmonika alifumbua macho. Mhudumu alisimama na trei yake mkononi mpaka wimbo ulipokwisha. Kofia alikuwa ameegemea kaunta, akisikiliza kwa makini, na alipomsindikiza Dobi mlangoni alisema, "Una kitu wewe. Ile *wa jirani*, mh! Ile ni kali." Dobi aliondoka amefurahi, mjinga wa watu.

Kisha mama akashikwa na homa ya mapafu, na Dobi hakukanyaga baa kwa Jumapili kadhaa. Alikuwa akitoka kazini anakwenda wodini, akitoka wodini anakwenda kazini, na katikati akisinzia amekaa. Kaka alikuja hospitali mara moja, akasimama miguuni pa kitanda na funguo mkononi, akasema wodi ina joto, akaondoka.

Jumapili aliyorudi, mama akiwa nyumbani amelala na jirani akimwangalia, Dobi alishangaa kuona magari yamejaa mpaka nje ya gereji. Hata getini hajafika, akasikia muziki wake. Ile ngazi ya sauti ilikuwa yake, na kule kuvuta neno la mwisho kulikuwa kwake. Ila wimbo ulikuwa unakimbia, dramu zinaruka, na Kofia alikuwa anaimba:

*Mke wangu kanitazama, kauliza we mume wa nani,*
*Nasema mke wangu kanitazama, kauliza we mume wa nani,*
*Nikamjibu wa jirani, nimepita kukusalimia ndani!*

Watu walipasuka. Walipiga meza, walishikana mabega, mwanamke mmoja akafuta machozi kwa leso. Na hapohapo, kwenye neno *jirani*, kaka yake alichapa sahani ya shaba, chwaa, kama wanavyopigiwa wachekeshaji.

Dobi alisimama palepale, gitaa mgongoni, hadi bendi ilipopumzika. Akamfuata kaka yake nyuma ya baa, kwenye kreti za chupa tupu, alikokuwa akivuta sigara.

"Ule wimbo ni wa nani?"

Kaka alipuliza moshi pembeni. "Umekuja! Mama hajambo?"

"Nimekuuliza, kaka. Ule wimbo ni wa nani?"

"Aa, sikiliza. Kofia kaugeuza kidogo. Watu wanaupenda, umeona walivyojaa? Bluzi ni bluzi, dada, kila mtu anachukua kwa mwenzake. Maneno si yaleyale."

"Unajua umetoka wapi?"

Kaka alikung'uta majivu ya sigara.

"Unajua kwamba mama alisema vile? Kwa mdomo wake? Kwangu?"

"Nilidhani umetunga tu," kaka alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini mara akaikuza. "Na wewe nawe! Kila kitu lazima kiwe msiba? Watu wanakuja hapa kustarehe. Mimi ni mpiga dramu, napiga ninachoambiwa."

"Unapiga ninachoambiwa," Dobi alimwigiza, akikosea maneno kwa hasira. "Ungekuwa unakuja nyumbani ungejua kama nimetunga. Mwana wa kwanza wewe. Hujamshika mama mkono mwaka huu."

Akamwacha na sigara yake.

Jukwaa huria lilipofunguliwa hakungoja kuitwa. Daktari wa meno alikuwa anachomeka waya wa gitaa lake. Dobi alimwambia, "Samahani daktari, nitangulie," na jinsi alivyosema, daktari alichomoa waya bila hata kuuliza. Kofia alikimbilia maikrofoni. "Oho! Dada yetu wa pasi karudi! Leo kaja na pasi ya moto!" Watu wakacheka. Kaka alikuwa amesharudi kwenye dramu, hakuinua macho.

Dobi aligeuza kitufe cha spika yake mpaka mwisho, kisha akasimama mbele ya spika ili mtu asikifikie. Akaanza polepole. Akaimba mstari wa kwanza, akaurudia, na alipofika *nikamjibu wa jirani*, baa nzima ikaangua kicheko.

Aliacha kupiga. Nyuzi ziliendelea kulia peke yake, akaziua kwa kiganja.

"Mnacheka nini?"

Wengine walicheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

"Nawauliza, mnacheka nini? Huyo anayeuliza ni mama yangu. Yuko kitandani sasa hivi. Mimi namwogesha, mimi namlisha, na hanijui. Nikimwambia mimi ni mwanao analia, ndiyo maana namwambia ni wa jirani. Hicho ndicho mnachocheka. Huyu," akamnyooshea Kofia kidole chenye shingo ya chupa, "kausikia kwangu, kautia mke na mume, kawauzia. Na yule pale nyuma anayewapigia chwaa ni kaka yangu. Mama ni wake pia. Mwulizeni."

Kikasikika kiti kikivutwa, na mashine ya barafu ikinguruma kwenye kaunta. Kofia alijaribu kutabasamu. "Jamani, mambo ya familia tuyapeleke nyumbani..."

"Umeyaleta wewe hapa!" Dobi alifoka, na maikrofoni ikapiga yowe.

Akaanza upya. Hakuimba vizuri, sauti ilikuwa imekwaruzika kwa hasira na shingo ya chupa ikagonga mbao za gitaa mara mbili. Hakujali. Kaka hakugusa fimbo zake. Kwenye ubeti wa pili aliinuka, akapita pembeni ya jukwaa na kutoka. Dobi alimwona akienda, hakumwita wala hakuacha kuimba. Alimaliza wimbo bila dramu. Mwalimu wa harmonika alipiga makofi, na wachache wengine. Walio wengi walitazama meza zao. Alipokuwa anafunga gitaa, Kofia alimjia karibu, akamwambia kwa sauti ya chini asirudi tena.

"Kumbe ulidhani nakuja kwa ajili yako," Dobi alisema.

Baadaye mhudumu wa pale alimwambia kwamba Kofia bado anauimba ule wa mke na mume, na watu bado wanacheka, ingawa si wote. Dobi alitukana tusi moja zito, akaendelea kupiga pasi.

Kaka alikuja nyumbani Jumapili moja aliyokuwa hategemewi, jua bado kali, mikono mitupu. Alisimama mlangoni kama mdai. Dobi alikuwa anamlisha mama uji, hakumkaribisha.

Mama ndiye aliyegeuka. Alimtazama yule mwanamume mrefu, akamkagua taratibu. "Karibu baba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Kaka alifungua mdomo. Akamtazama dada yake. Dobi hakumsaidia.

"Mimi..." alisema, akashindwa, akakaa chini sakafuni na kuufunika uso.

"Maskini," mama akamwambia Dobi. "Kafiwa?"

Dobi alitamani kumfariji kaka yake, na akatamani pia kumtoa nje kwa teke. Yote mawili yalikuwa ya kweli. Alisimama, akamwekea kaka bakuli la uji mapajani na kijiko juu yake.

"Kidogo kidogo," alisema. "Subiri ameze kwanza. Ukiharakisha anapaliwa."

Akachukua gitaa. Yule mwalimu alikuwa amempata mwenye mgahawa aliyewaruhusu kupiga uani Jumapili, bila jukwaa wala spika. Njia nzima alikuwa bado amekasirika, na alifika mapema.