Mkeka Chini ya Pedali

Mume wangu Elia ana heshima iliyopitiliza, na heshima hiyo nusura ituue.

Gari letu liliwahi kukwama pedali ya mafuta pale Rudewa, mama yangu akiwa ndani. Akaapa hapandi tena, hata likiwa linakwenda mbinguni. Baadaye walioliingiza nchini wakatangaza magari yote ya aina ile yapelekwe Morogoro: pedali zina kasoro, wanabadilisha bure. Elia akapeleka, akarudi anatamba.

"Anayekiri kosa lake namwamini," mama akasema. "Nitapanda."

Alikuwa na hamu kweli. Kaka yangu Yared, anayeishi Mikumi, amepata binti na amempa jina la mama, Magdalena. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Kwa furaha mama akasuka mikeka miwili midogo ya ukindu ya kuweka ndani ya gari: mmoja wa Elia, mwingine wa Gerald, dereva wa mchungaji wetu wa Kilosa, maana mchungaji huyo ndiye angebatiza.

Mtu mwenye akili angeuweka mkeka wake kiti cha nyuma. Elia? Akautandika chini ya miguu yake, akavua na viatu!

"Siwezi kukanyaga kazi ya mkwe kwa viatu, Regina."

Nikamwambia unateleza. Wapi! Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Tulitoka Kilosa vizuri, mama yuko nyuma anaimba. Tulipopita kijiji cha Ulaya, kwenye mteremko, gari likaanza kunguruma na kukimbia. Elia kanyanyua mguu, gari halina habari. Mungu wangu, nilipiga yowe! Elia akakandamiza breki, akalitoa kwenye gia, tukasimama ukingoni mwa shamba la ufuta. Akalizima.

"Si mlisema limetengenezwa?" mama akauliza.

Nikachungulia chini. Mkeka umeteleza, umejikunja juu ya pedali na kuibana. Elia naye ameuona. Nikamtazama ili aseme. Unajua alisema nini?

"Ni mguu wangu, mama. Ulikufa ganzi. Nisamehe."

Jamani! Nilitamani kumzaba kofi. Mama alikuwa ameshafungua mlango, anataka kurudi Kilosa kwa miguu na ubatizo aukose.

"Mama, siyo mguu," nikasema. "Ni mkeka wako."

Elia akafumba macho kama nimetukana kanisani.

Mama akaja mlango wa dereva, akainama, akatazama. Nikangoja anune.

"Mkwe, unanistahi mpaka tufe? Mficha maradhi, kifo humuumbua." Halafu akashika kichwa. "Gerald!"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Gerald alimwiga Elia, akautandika wake vilevile; yeye na mchungaji walikuwa nyuma yetu, na mteremko ule ule ulikuwa mbele yao. Mama akaninyang'anya simu. Ikaita, ikaita. Mchungaji akapokea. Mama, ambaye hata wajukuu hawajibu wasipomwamkia, hakutoa salamu.

"Simameni! Mkeka niliowapa una kasoro. Gerald autoe chini ya miguu sasa hivi. Nitauchukua mwenyewe."

"Lakini mama, ni mzuri sana..."

"Mzuri wa kukalia! Utoeni!"

Tukangoja. Sikuwahi kuomba vile maishani mwangu. Kisha mchungaji akasema wamesimama, na Gerald ameukuta mkeka umeshaanza kuipanda pedali. Mama akakaa chini kwenye majani, akalia, kisha akacheka huku anajifuta kwa kanga.

"Vaa viatu," akamwambia Elia. "Wajina wangu anangoja kubatizwa."

Akapanda mbele, kando ya mkwe wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya; mimi nikahamia nyuma.

"Kuna kingine changu kinachokusumbua garini? Sema leo."

Elia akanitazama kwenye kioo. Nikageukia dirishani.

"Mama," akasema, "ukiimba, siisikii injini."

Mama akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Tukaondoka, naye akaanza tena wimbo wake, polepole, kwa sauti ya chini.