Ndege Sita Chini ya Draya

Saluni yangu ina viti vichache, draya mbili, na benchi la ukutani lililotengenezwa kwa ajili ya watu watatu. Sijawahi kuliona likiwa na watatu tu. Wengine wanakuja kusuka, wengine kuosha, na shangazi yangu anakuja kukaa. Nywele zake ni fupi kama za askari, hazidai mafuta wala kitana, lakini kila asubuhi utamkuta pembeni ya dirisha kama mtu aliyepangiwa zamu. Ukimuuliza, anasema kwake kuna ukimya, na ukimya unamuuma magoti.

Kuna jambo moja inabidi ulijue kuhusu draya, lile kofia kubwa la moto la kukaushia nywele. Linavuma masikioni kiasi kwamba aliye ndani yake hajisikii, na mtu asiyejisikia hupayuka. Yeye anadhani ananong'ona, kumbe mtaa mzima unapokea. Nimeshasikia ya waume, ya mawifi, na ya mimba ambazo mama mzazi hajaambiwa. Ndiyo maana hapa kwangu tuna desturi: ukimwona mwenzio ameanza kupayuka ya ndani, unamgusa goti. Basi. Husemi neno. Unagusa, naye ananyamaza. Umbea naupenda, sikatai, nani asiyeupenda? Lakini umbea una heshima yake. Mwenyewe anauleta kwa miguu yake, hauvunwi kwa mtu aliyezibwa masikio.

Siku ile hakuna aliyegusa goti kwa wakati.

Aliyekuwa chini ya draya ni Mheshimiwa. Mimi na yeye tumekua nyumba moja ya kupanga, tukisukana kwenye ngazi huku mama zetu wakigombania kamba ya kuanikia nguo. Leo yeye ni mbunge na yumo kwenye Kamati ya Ulinzi, mimi nina draya mbili. Huja Jumamosi bila dereva, amevaa miwani myeusi ili asijulikane, na akiteremka tu kwenye gari watoto wa jirani wanaimba, "Mheshimiwa huyo!"

Wiki ile redio zote zilikuwa na wimbo mmoja. Serikali ilitaka kununua ndege za kivita kumi na mbili. Kamati ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu, nusu wanataka zote, nusu wanataka zipunguzwe, na ilibaki kura ya mtu mmoja ambaye hajafungua mdomo. Tulimjua ni nani. Tulikuwa tumemzungushia rola kichwani. Ila hakuna aliyethubutu kumuuliza, kwa hiyo tukaongelea mvua, na mvua yenyewe haikuwepo.

Simu yake ikatetemeka. Akachomeka visikilizio, akajirudisha chini ya draya.

"Mwenyekiti!" alipayuka. "Nimeamua! Kumi na mbili sizikubali! Sita! Sita zinatosha!"

Msusi wangu, tunayemwita Kidole Chepesi, alikuwa amesimama karibu naye kabisa. Goti lilikuwa pale pale, la kunyoosha mkono tu. Akanitazama. Mimi nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama dirisha kama anayesubiri mgeni. Nisikufiche: tulitaka kusikia.

"Sita mpya, na hela itakayobaki iende kwenye mafuta, vipuri na nyumba za askari! Hao marubani wengine? Si wataendelea na zile za zamani! Wamezizoea! Kwani zimeanguka ngapi?"

Hapo ndipo nikamkumbuka Mama Pacha.

Alikuwa kwenye kiti cha kona, kichwa nusu kimefumuliwa, nusu bado kimesukwa. Mtu mpole, akija anasalimia mpaka ufagio. Mume wake ni rubani, na anarusha hizo hizo za zamani. Sisi tulimbatiza Macho Juu, kwa sababu hata akivuka barabara anatazama angani, na akimfuata mkewe hubaki nje ameegemea gari, shingo imekunjwa nyuma kama anayetiliwa dawa ya macho. Na za zamani zimeanguka ngapi? Masika yaliyopita ilianguka moja, nyuma ya tanuri za matofali. Aliyekuwa ndani yake ndiye aliyesimamia harusi ya Mama Pacha. Mjane wake alikuja hapa mara moja tu baada ya msiba. Alikaa kitini, hakutaka kuoshwa wala kusukwa, akajitazama kwenye kioo, akaondoka.

Kidole Chepesi akamgusa Mheshimiwa goti. Alikuwa amechelewa.

Mheshimiwa akainua draya, akaziona nyuso zetu.

"Nimepayuka?"

"Umepayuka, shoga."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwa muuza mkaa wa ng'ambo," shangazi alisema. "Kwa ninavyomwona, ameafiki."

Tukacheka, isipokuwa mmoja. Na kwa kuwa siri ilikuwa imeshavunjika kama yai, kila mtu akataka kuikoroga.

"Sita ni chache," shangazi alianza. "Nyumba yenye mbwa, mwizi anaipita. Ninyi mnataka kuweka mbwa nusu?"

"Shangazi, mbwa anakula," alidakia mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akioshwa, kichwa kimelala kwenye sinki. "Mimi darasani watoto wanakaa sakafuni. Hata hizo sita mngeziacha."

"Kwa hiyo adui akija utampiga kwa chaki?"

"Nitamfundisha kusoma, labda ataona aibu."

Mheshimiwa alivua miwani. Alipoongea hakuongea kama wa redioni, aliongea kama yule wa kwenye ngazi. "Ndege hununui, mwalimu. Unaioa. Mahari unatoa siku moja, matumizi ni mpaka mmoja wenu afe. Tukichukua kumi na mbili, tutapiga nazo picha, halafu hatutakuwa na mafuta ya kuzirusha. Zitakaa kwenye banda. Na rubani asiyeruka mara kwa mara ndiye anayeanguka. Nimesoma makaratasi mpaka macho yameniuma. Sita tutaziweza. Sikulala usingizi kwa ajili ya hizo sita."

"Mheshimiwa, naomba kuuliza."

Sote tukageuka. Mama Pacha huwa haombi kuuliza. Mama Pacha huwa anaomba maji.

"Hizo sita atapanda nani?"

"Vijana. Mafunzo yake ni marefu, lazima awe mtu mwenye miaka mingi ya kazi mbele yake."

"Mume wangu si kijana."

Mheshimiwa akanitazama mimi, na mimi sikuwa na pa kuficha uso. "Mume wake ni rubani," nikamwambia. "Ni wa hizo ulizosema amezizoea."

Sijawahi kuona mtu mwenye rola kichwani akinyong'onyea vile. Mheshimiwa akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Nisamehe mdomo wangu, dada. Lakini nisikudanganye. Unataka nikubali kumi na mbili ili na yeye apate mpya?"

Ndivyo sote tulivyodhani. Ningekuwa mimi, ningepiga magoti hapo hapo kwenye nywele zilizokatwa.

"Nikisema ndiyo, utakubali?"

"Hapana. Siwezi kuinunulia nchi ndege kwa ajili ya mume wa mtu."

"Vizuri," Mama Pacha alisema. "Maana yeye mwenyewe anasema kama wewe. Kumi na mbili ni za kupigia picha. Anayasema akioga, anadhani maji yanamficha."

"Basi unataka nini?"

"Siku hizo sita zinapofika, zile za zamani zifungiwe. Zote. Asipande mtu."

Kidole Chepesi aliacha kufumua. Hata mwalimu aliinua kichwa kwenye sinki, maji yakamwingia shingoni, na hakulalamika.

Mheshimiwa hakujibu haraka. Namjua tangu utotoni: akitaka kukataa hujibu papo hapo. "Unajua unachoomba?" alisema. "Mumeo atakuwa rubani asiye na ndege. Watampa meza."

"Najua."

"Ameshawahi kukaa mezani?"

"Hata kula anakula amesimama."

"Atakuchukia."

"Ataninunia," Mama Pacha alimsahihisha, taratibu, kama anayechagua mchele.

"Na kuna jingine. Vijana mpaka wazizoee hizo mpya ni miaka. Kipindi chote hicho anga letu litakuwa na watu wachache. Likitokea la kutokea, hawatakuja kukuuliza wewe. Watakuja kwangu, na watakuwa na haki."

Mama Pacha aliinamia vidole vyake. Aliyejibu ni shangazi, yule yule wa mbwa.

"Mwanangu," alimwambia Mheshimiwa, "mimi nilikuwa na mbwa kibogoyo. Wezi walikuwa wanamjua kwa jina. Aliyekuwa na imani naye ni mimi peke yangu."

Mheshimiwa alisimama, nywele bado mbichi, akaanza kuzitoa rola mwenyewe. Hakuahidi kitu. Mlangoni akageuka. "Lililosemwa hapa..."

"Limebaki hapa," nikamalizia.

Wee! Usiombe kubeba siri kama ile na wewe ni mimi. Wateja waliingia na habari za ndege, wakatoka na habari za ndege, kila mmoja ana binamu anayejua, wote waongo, na mimi mwenye ukweli nimeufungia mdomoni kama maji ya moto. Nilikuwa nachana watu nywele kwa nguvu mpaka wakalia.

Kamati ikapitisha sita. Na za zamani zote, redio ikasema, zitaegeshwa kwa kudumu mara mpya zikifika. Hakuna aliyesema sharti hilo lilitoka kwenye kiti cha kona. Mheshimiwa alitukanwa asubuhi na jioni. Gazeti moja lilimchora amekaa juu ya ndege isiyo na mabawa, ameshika kitana. Kitana! Nikajiuliza ni nani kati yetu aliyetema. Mpaka leo namshuku muuza mkaa.

Ndege mpya zikaja, zikapita juu ya mji mara moja kwa mbwembwe, vioo vyangu vikatetemeka. Za zamani zikaburutwa bandani. Macho Juu akapewa meza.

Mama Pacha alikaa muda bila kuja. Aliporudi alitaka kuseti, akae akae tu, alisema, achelewe kurudi. Kidole Chepesi akamvisha rola, tukamweka chini ya draya, mgongo kwa mlango. Saluni ilikuwa imejaa. Shangazi akamuuliza kwa ishara ya mkono: vipi huko nyumbani?

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa na mumewe akaingia.

Hajawahi kuingia. Simu ya mkewe ilikuwa imelia mkobani bila kupokelewa, ndiyo maana akaingia. Alisimama kwenye zulia la mlangoni, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni macho yake. Yalikuwa chini. Alikuwa akitazama nywele zilizotapakaa sakafuni.

"Ananuna, shangazi!" Mama Pacha alipayuka. "Asubuhi ananuna, jioni ananuna! Na hajui kwamba ni mimi niliyemwomba Mheshimiwa! Akijua, atanuna mpaka pacha waoe!"

Nilinyoosha mkono kuelekea goti. Naapa niliunyoosha. Macho Juu akainua kiganja, kile cha kusimamisha magari, na mkono wangu ukabaki hewani.

"Na anune!" aliendelea mkewe, macho ameyafumba kwa joto. "Nalala nao huo mnuno wake, na usiku nausikia unapumua! Mwenzangu yule aliyefiwa analala na picha!"

Wateja wote walikuwa na shughuli ghafla. Huyu anatazama kucha, yule anasoma maandishi ya chupa ya mafuta. Draya ikavuma. Macho Juu aliinua uso kwa mara ya kwanza, akatazama juu, na juu hapakuwa na kitu ila feni yangu mbovu. Akaitazama muda mrefu. Nilidhani atageuka aondoke, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mkewe.

Akatembea katikati yetu, akachuchumaa, akamgusa goti.

Sijui nani alimwambia desturi yetu. Labda hakuambiwa. Mama Pacha akanyamaza kabla hajafumbua macho. Alipoyafumbua, akainua draya mwenyewe.

"Nimepayuka?"

"Umepayuka."

"Mpaka wapi?"

Akafikiri. "Mpaka kambini," alisema.

Hakutabasamu, usidhani. Alikuwa amenuna vile vile, pengine zaidi. Mkewe alimtazama, asijue aombe radhi au asimamie alilosema. Mwisho hakufanya lolote kati ya hayo.

"Zimebaki kidogo tu kukauka," alisema.

"Zikaushe."

Na badala ya kutoka nje kwenye gari lake, akaangaza macho kutafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limefurika. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kumpisha mtu tangu saluni ifunguliwe, akajivuta mpaka akabanwa na ukuta. Macho Juu akakaa pale, magoti juu, mkoba wa mkewe mapajani, amekunja uso kama aliyeletwa kung'olewa jino.

Nikamteremshia Mama Pacha draya, nikaiwasha tena.