Nyumba Iliyobaki

Jina lake la kwenye vyeti lina kazi benki tu. Mtaani walimwita Cherehani, na si kwa sababu ya kushona peke yake: mdomo wake nao, ukishaanza, haukujua pa kusimama. Angekusimulia ugomvi wa watu mwanzo mpaka mwisho huku ameng'ata pini, na pini isidondoke hata moja. Lakini tangu moto uliposhuka kutoka kilimani, Cherehani alikuwa hasemi. Alikuwa anafagia.

Alifagia asubuhi, akafagia mchana, na majivu yakazidi kuingia kama wageni wasiojua kuaga. Akimaliza sebule anahamisha kabati. Akimaliza kulihamisha analirudisha palepale. Anakaa kwenye mashine, anapinda suruali ya mteja, anaitazama, anaifumua. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ungemuuliza, angekwambia ni majivu tu yanamkera. Uongo mtupu. Kilichomkosesha raha ni Msusi, jirani yake na shoga yake wa miaka, aliyekuwa jikoni humo humo ndani ya nyumba yake, anaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mtaa wao ulikuwa safu moja ya nyumba chini ya kilima cha mikaratusi. Kila kiangazi watu walisema mikaratusi ile siku moja itatuunguza, kisha wakaendelea kuanika nguo kwenye kamba walizofunga kwenye mikaratusi hiyo hiyo. Siku ilipofika, ilifika mchana kweupe, na upepo wenye wazimu. Moshi ulitangulia, halafu zikaja cheche zikirukaruka juu ya mapaa, na watu wakaanza kubeba vitu vya ajabu. Mmoja alikimbia na feni. Cherehani alitupia nguo za wateja kwenye shuka, akafunga fundo, akafunga mlango, akarukia nyuma ya pikapu ya seremala. Za kwake hakuchukua hata sweta. Fundi nguo ya mtu ikimpotea atasemwa mpaka kaburini, yake ikiungua anapewa pole.

Msusi alikuwa ameshatimua mbio zamani, kuelekea shuleni kwa binti zake wawili. Alikuwa mjane, na wale wawili ndio waliokuwa sababu yake ya kuamka asubuhi.

Waliporudi kesho yake, safu nzima ilikuwa imelala chini. Mabati yamejikunja, kuta zimebaki na matundu yaliyokuwa madirisha, na harufu ile ambayo hata ukioga haitoki. Nyumba moja tu ilikuwa imesimama, na rangi yake ya kijani na mapazia yake yamening'inia. Ya Cherehani. Mlango wa jikoni ulikuwa umevunjwa; akadhani ni wezi, akashangaa hawakubeba kitu.

Je, alifurahi? Alifurahi, tusidanganyane. Furaha hiyo ilimtoka alipotazama upande wa pili wa ua na kumwona Msusi amesimama katikati ya vyuma vya viti vyake vya saluni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Cherehani akamwendea mbio, akamkumbatia.

"Hamwendi popote," alimwambia. "Mnakuja kwangu, wote watatu."

Wakaja. Na hapo ndipo amani ilipokwisha.

Maana watu walianza kunong'ona. Akifika bombani, mazungumzo yanakatika kama umeme. Mwenye duka akamfungia sabuni, akamwambia kwa upole uliozidi kipimo, "Huyo mdogo wako msalimie sana. Alifanya kazi nzuri siku ile." Mdogo wake wa kiume ndiye aliyekuwa dereva wa gari la zimamoto, na gari lenyewe lilikuwa moja kwa mji mzima. Ilisemwa kwamba gari lilipanda mtaani, likazipita nyumba za watu, likasimama mlangoni kwa dada mtu, likamwaga maji mpaka tone la mwisho juu ya paa lake. Cherehani alimjibu mwenye duka maneno ya kumtosha mwaka mzima. Mdogo wake hana upendeleo, alisema, na asiyejua kazi ya zimamoto auze sabuni anyamaze. Alitoka pale kifua mbele. Lakini alipofika nyumbani akachukua ufagio.

Msusi hakunong'ona. Msusi alishukuru. Ahsante kwa chai, ahsante kwa kitanda, ahsante kwa taulo. Watu hawa wawili zamani waliweza kusimama uani wakamjadili mteja mmoja mpaka chungu kikaungua kwa kila mmoja, wakacheka, wakaanza upya. Sasa ni ahsante. Rafiki akianza kukushukuru kila saa, jua ameanza kukuaga, na Cherehani alilijua hilo. Nyumba angeweza kuipoteza akaanza upya. Mume alishampoteza, alijiendea zake na hatutamtafuta. Lakini akimkosa Msusi angeongea na nani?

Asubuhi moja akapiga moyo konde, akaenda kituo cha zimamoto.

Alimkuta Dereva uani, anaanika mipira ya maji juu ya nguzo.

"Dada. Umekuja peke yako?"

"Ulitaka nije na mashahidi? Nakuuliza neno moja, na unijibu mimi, usijibu mkuu wako. Ulinipendelea?"

Dereva alijifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena ilipokuwa imeshakauka. "Nilidhani uko ndani."

"Ndani nafanya nini? Mtaa mzima ulishaondoka."

"Redio ilikuwa inaongea."

Cherehani akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Yale yalikuwa mambo ya mtaani kwao. Kipindi fulani wezi walikuwa wamewazoea mno, na Msusi ndiye aliyebuni dawa: ukitoka, acha redio ya betri ikiongea, mwizi ajue kuna mtu. "Wanaogopa watangazaji kuliko mbwa," alisema, na wote wakacheka, na wote wakafuata. Ikawa mazoea. Hata siku ya moto, pamoja na kiwewe chote kile, kidole cha Cherehani kilipita kwenye kitufe cha redio kabla ya kushika ufunguo, na yeye mwenyewe hana habari.

"Niliita, huitiki," Dereva alisema. "Nikajua umezidiwa na moshi. Nikawaambia wenzangu wamwagie paa lako, mimi nikavunja mlango wa jikoni. Nikatambaa chumba hadi chumba nakupapasa. Nikafika sebuleni, nikakuta redio juu ya kabati, mtu anatuma salamu kwa wajomba zake, nikaizima. Nilipotoka, maji yaliyobaki ni ya kunawia mikono. Kwa jirani kulikuwa kunawaka tayari, na upepo ukachukua nyumba zilizobaki."

Alisema yote hayo akitazama mipira. Kisha akasema, "Mkuu nimemwambia. Lakini mtaani usiseme, dada. Watasema wameunguliwa kwa ajili ya redio. Yule mama unayekaa naye ana yake ya kutosha, usimwongezee. Kaa kimya, watasahau."

Ulikuwa ushauri wa mtu anayempenda, na Cherehani aliondoka nao kama mtu aliyepewa mzigo bila kamba. Njiani aliamua kunyamaza. Alipofika kwenye kona aliamua kusema. Akaipita nyumba yake mwenyewe mpaka mwisho wa mtaa, akageuka, akaipita tena. Akisema, Msusi ataondoka, na atakuwa na haki. Asiposema, Msusi atabaki, lakini yeye atafagia mpaka sakafu itoboke. Seremala, aliyekuwa anakusanya misumari kwenye majivu yake, alimtazama akipita mara ya tatu, akamuuliza kama kuna kitu amedondosha. Alimwambia ndiyo.

Alimkuta Msusi chumbani, anakunja nguo za binti zake. Wasichana walikuwa shule. Cherehani akachukua ufagio.

"Pameshafagiliwa," Msusi alisema.

"Najua."

Akabaki ameshika ufagio, na yote yakamtoka: mdogo wake, redio, mlango wa jikoni, maji. Hakupamba, hakupunguza, wala hakusahau kusema kwamba ameshauriwa anyamaze. Alisema kwamba anaona aibu na anaogopa. Msusi alisikiliza huku anakunja. Alikunja sketi ndogo, akainyoosha kwa kiganja, akaiweka juu ya nyenzake.

"Na yangu ilikuwa inaongea," alisema.

Cherehani hakuelewa mara moja.

"Ile kubwa ya saluni. Niliiacha dirishani, kama kila siku. Mimi ndiye niliyewafundisha, nisiifanye?"

"Labda betri zilikwisha."

"Niliweka mpya asubuhi ile." Msusi akakaa kitandani. "Siku tuliyorudi, mlango wangu wa mbele nimeukuta umesimama. Wa chuma, si unaujua. Umefungwa kama nilivyoufunga mwenyewe. Haujapigwa hata teke. Nikatazama kwako, nikaona wa jikoni umevunjwa. Mtu amekutafuta wewe."

Cherehani aliuegemeza ufagio ukutani.

"Nyumba sikulaumu. Nyumba zimeungua za watu wote," Msusi aliendelea. "Lakini mimi kila nikifumba macho nawaona wanangu wako ndani. Redio inaongea, na mtu anapita mlangoni kwetu anakwenda kwingine. Hawakuwamo, najua. Lakini yeye alijuaje?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nikiwa nimelala kwenye kitanda chako? Wangesema aliyeunguliwa ana kijicho. Nilikuwa nasubiri useme wewe. Leo nimechoka kusubiri." Alionyesha nguo kwa kidevu. Ndipo Cherehani alipouona mfuko sakafuni, umeshajaa nusu. "Ungeingia na ufagio tu, ungetoka ukatukuta hatupo."

Nje nyundo ya seremala ililia kidogo, ikaacha.

"Mpigie," Msusi alisema.

"Nimpigie nimuulize nini?"

"Unajua cha kumuuliza. Na sauti uifungue, nisikie mwenyewe."

Wapo watu ambao wangesema simu haina chaji. Cherehani mwenyewe alilifikiria, tena lilimjia haraka sana. Mdogo wake alimlea tangu anatambaa. Mama yao alipokuwa kazini, yeye ndiye aliyemfuta kamasi, ndiye aliyempigania na watoto wa watu. Kumuuliza swali lile mbele ya Msusi ilikuwa ni kumvua nguo hadharani. Aliibonyeza namba.

"Dada, umefika salama?" sauti ya Dereva ikajaa chumba.

"Nimefika. Siku ile pale mtaani, ulisikia redio ngapi?"

Kwa mbali walisikia maji yakichuruzika mahali fulani kituoni.

"Dada, tumeshaongea haya."

"Ngapi?"

"Mbili," alisema Dereva.

Msusi alifumba macho, akayafumbua. Alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Ni mimi, jirani wa dada yako."

"Mama," Dereva alisema.

"Wanangu hawakuwamo. Wako shule, wazima. Nakwambia usije ukakaa na hilo bure. Nimekusikia, na ahsante kwa kutonidanganya. Kukusamehe bado, sitakuficha. Ila siku nyingine gongeni milango yote."

Akairudisha simu mkononi kwa Cherehani. Kisha akainuka, akafunga kitambaa kichwani mbele ya kioo, akachukua mkoba. Muda wa kutoka shule ulikuwa unakaribia, na tangu siku ya moto hakuwaacha wale wasichana kutembea peke yao, hata kama mwalimu alisema hakuna haja. Mfuko wa nguo aliuacha pale sakafuni, haukufungwa wala haukufumuliwa. Mlango wa mbele ukalia, ukatulia.

Kwenye simu Dereva alikuwa analia. Alilia vilevile alivyolia akiwa mdogo, kwa kwikwi, akisema dada, dada, na Cherehani alihisi mdomo wake unataka kumbembeleza kama siku zote. Dirishani alimwona Msusi anashuka njia ya majivu, hatua ndefu, hatazami nyumba za kushoto wala za kulia.

"Nitakupigia baadaye," Cherehani alimwambia mdogo wake.

Akakata simu. Akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka nyuma ya Msusi mbiombio, hajui kama atakubaliwa kutembea pembeni yake.