Siku Thelathini na Moja

Wifi yangu alipofungua ofisi yake ya kukopesha watu, mimi ndiye niliyemshonea mapazia. Hakunilipa. Alisema iwe zawadi yangu ya pongezi, nami nikacheka kama mjinga, kwa sababu ni dada wa mume wangu na wakati ule nilikuwa bado namhesabu kuwa mtu.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la rangi: dirisha la nondo, benchi la wateja na kalenda kubwa ukutani. Ukichelewesha rejesho la Jumatatu, anaizungushia tarehe kalamu nyekundu na kuandika jina lako mbele ya benchi zima. Ndiyo maana mtaani anaitwa Bosi Kalenda. Kwa miaka saba mimi nilikuwa nimekopa kwake na kumaliza mara tano, kununua vitambaa vya sare za shule, na jina langu halikuwahi kugusa ile kalenda. Nimelipa nikiwa na homa. Nimelipa siku tuliyomzika baba yangu.

Kisha mwenye chumba ninachoshonea akatangaza anauza. Nilikuwa nimekaa mle miaka kumi na mmoja, wazazi wa shule nne wananifuata pale. Akanipa miezi minne. Baada ya hapo angemuuzia muuza simu, ambaye alikuwa ameshakuja kupima mlango huku mimi nakata kitambaa.

Nikaenda benki. Afisa wa mikopo, binti mdogo mwenye miwani, akaandika namba ya kitambulisho changu, akanigeuzia kompyuta nione. Ukurasa ulikuwa mtupu.

"Mama, hapa inaonekana hujawahi kukopa popote."

"Nimekopa mara tano, nimemaliza mara tano. Wa sita naulipa sasa hivi."

Nilipomtaja wifi, binti akatikisa kichwa. "Huyo huwa anatuletea wadaiwa sugu tu. Wanaolipa vizuri hawaleti, na wakopeshaji wadogo hawalazimishwi. Mwombe akuingize kwenye taarifa za mikopo zinazosomwa na benki zote. Bila hivyo mimi sina cha kupeleka kwa meneja."

Nilipanda ngazi za duka la rangi na risiti zangu zote kwenye mfuko. Wifi hakuzitazama hata moja.

"Wifi yangu," akasema, meno yote nje, "nikikuingiza kule, benki zitakuona. Kesho watakuita kwa riba ya kitoto. Nimekulea miaka yote hii, halafu niwakabidhi ukiwa umeshaiva?"

"Naomba tu ukweli uandikwe."

"Ukweli ninao hapa kwenye daftari. Unataka chumba? Nitakukopesha mimi."

Kwa riba yake, ningemnunulia yeye chumba na mimi nikabaki mpangaji. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu anisemee. Akasema yule ni dada yake, nisilete maneno katika ukoo, akaongeza sauti ya televisheni. Nilimchukia kwa muda wa taarifa ya habari nzima.

Nikarudi benki kuuliza kama risiti zangu zingetosha. Hazikutosha, lazima taarifa zitoke kwa mkopeshaji mwenyewe.

"Afadhali hata angekuleta kwa ubaya," binti akasema kwa uchovu. "Jina likiletwa, linakuja na mikopo yote mliyofanya, ile mizuri na ile mibaya. Mfumo haupokei nusu."

"Ubaya unaanzia wapi?"

"Rejesho likipita siku thelathini." Akavua miwani. "Mama, sijakushauri kitu."

"Hujanishauri. Na doa moja ambalo limeshalipwa?"

"Doa nitalitetea kwa meneja. Ukurasa mtupu siwezi."

Jumatatu iliyofuata sikwenda kulipa. Nilichukua masalia ya kitambaa cha sare, nikashona kifuko, nikatia rejesho la wiki ndani na kufunga mdomo wake kwa uzi. Jumatatu ya pili nikashona cha pili. Jina langu likapanda kwenye kalenda kwa herufi kubwa, na nilijua mara moja, kwa sababu watu walianza kunisalimia kwa sauti ya chini.

Wiki ya tatu wifi alikuja mwenyewe. Akasimama mlangoni, wateja wangu wamekaa, akasema kaka yake ameoa mwizi. Nikajitoboa kidole kwa sindano, nikaendelea kushona. Mama mkwe akapiga simu kuniuliza nimerogwa na nani. Mume wangu akahamia sebuleni. Sikumweleza chochote, kinywa chake kina mlango mmoja tu, nao unafungukia kwa dada yake.

Siku ya thelathini na moja, asubuhi, ujumbe ukaingia kwenye simu: *Jina lako nimelipeleka. Mkopo wako wa kwanza hadi wa mwisho, wote wakuone. Utajuta kunijua.*

Niliusoma mara mbili. Kisha nikacheka mpaka mteja akaenda kuniletea maji.

Kesho yake nilipanga vifuko vitano juu ya meza ya wifi, na cha sita kikubwa zaidi, chenye faini na mabaki yote ya deni. Pesa za sare za kufungua shule zilikuwa zimeingia. Akavikata uzi kimoja kimoja kwa mkasi.

"Kumbe ulikuwa nazo."

"Kila Jumatatu."

"Sasa ulinidhalilisha kwa nini?"

"Niandikie risiti kwanza. Na uandike mkopo umefungwa."

Aliandika huku akinikata jicho, akitafuta nilikoficha kisu. Hakukiona.

Wiki mbili baadaye yule binti alinigeuzia tena kompyuta. Mikopo mitano, kila mmoja umelipwa kwa wakati, na wa sita ulichelewa, ukalipwa, ukafungwa. Miaka yangu saba ilikuwa imeandikwa pale na mtu aliyeapa kutoiandika. Nikajifanya natafuta kalamu. Meneja aliuliza swali moja kuhusu lile doa, akasaini. Muuza simu akaenda kupima mlango mwingine.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kwenye lile benchi walikuwepo fundi viatu, muuza maziwa, mama wa saluni na wengine wanane, walipaji wazuri wote, na kurasa zao tupu. Walipokuja kuniuliza nimepataje chumba, niliwaeleza bila kupunguza neno. Kila aliyetaka nilimshonea vifuko vitano, bure.

Wifi alipiga simu Jumatatu moja mchana. Nyuma yake palikuwa kimya, hakuna hata sauti ya benchi likivutwa.

"Umewaambia nini wateja wangu?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, fundi anabadilisha kitasa. Nilitafuta huruma moyoni kwa sababu ni damu ya watoto wangu, nikaikosa.

"Wifi," nikamwambia, "kalenda unayo wewe. Hesabu."