Ukungu wa Getini

Fundi wa kamera alikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Mwanamke, begi la vyombo begani, ngazi ya kukunja mkononi. Nilimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Wamekutuma wewe?"

"Wamenituma mimi, mzee. Ulitaka mwenye ndevu?"

Binti yangu, kitindamimba, akacheka huko jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tumzike mama yake, wiki tisa zilizopita.

Fundi nilimwita kwa sababu moja. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wakazi, nami nilikuwa nimeapa kumng'oa mwenyekiti. Yeye ndiye aliyechagua kamera hizi, moja kila geti, na ya kwangu tangu siku ya kwanza ilitoa picha kama maji yaliyooshewa mchele. Wenzangu kwao wanaona hadi mbu. Nikajua mwenyekiti kanipa kimeo makusudi, kwa ajili ya mdomo wangu. Mtaani wananiita Mzee Lawama, na jina hilo nalo sina shaka alilianzisha yeye. Shule niliishia darasa la nne, lakini dharau naisoma hata ikiandikwa kwa herufi ndogo.

Mke wangu alianguka nje ya geti letu, mchana kweupe. Alikuwa anatoka kliniki, presha imempanda, na komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Akakaa chini ukutani mpaka fundi cherehani wa jirani alipopita akamkuta. Hospitali daktari alisema neno moja tu: "Mngewahi." Siku ya tatu akaondoka.

Msibani nilisema, na nikarudia kila nilipokaa, kwamba skrini ya sebuleni haikuonyesha mtu. Kamera mbovu ya mwenyekiti imeniulia mke. Watu wakatikisa vichwa. Wengine wakaacha hata kumwitikia mwenyekiti salamu. Sasa nilitaka fundi aniandikie barua kwa mkono wake kwamba kamera ni mbovu, nikaisome mkutanoni.

Alianza na waya. Akachomoa, akapuliza, akachomeka.

"Waya mzima. Huu wa kengele nani kauchomoa?"

"Panya."

"Panya wako mstaarabu, hajaacha hata alama ya jino." Akaurudisha mahali pake.

Akapima umeme unaofika kwenye kamera, ukawa unatosha. Akafunua mashine ya kurekodia, ile niliyoizima siku ileile alipoanguka mke wangu na kuifunika kitambaa. Akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio.

"Ubora umewekwa wa juu kabisa. Aliyekufungia alijua kazi, mzee."

"Basi ni kamera yenyewe."

"Tutaiona."

Akatupa jicho sebuleni. Makochi yana nailoni, rimoti ina nailoni, friji bado ina karatasi ya dukani mlangoni. Nilimwona anabana tabasamu. Ndivyo nilivyo. Kitu kipya ukikivua nguo kinaanza kuzeeka. Marehemu alikuwa akinitania, "Ipo siku na mimi utanivisha nailoni nisichakae," huku anakaa na kochi linalia chwaka chwaka.

Nje, fundi akapanda ngazi, mimi chini nimeishika. Nikasikia kitu kinabanduka, krrr, kama plasta kwenye kidonda. Akashuka, akaniwekea kiganjani kipande cha nailoni cha duara, kidogo kama kizibo cha soda, jua limekigeuza njano.

"Hii ya dukani, hubanduliwa siku ya kufunga. Mwenzangu alisahau."

Hakusahau. Alinyoosha mkono kuibandua, nami nikiwa hapohapo chini nikamwambia, "Acha hiyo, vumbi lisiingie." Akasema, "Mzee, picha itakuwa na ukungu." Nikamwambia asinifundishe mali yangu.

"Mafundi wa siku hizi!" nikasema. Ulimi ulitoka wenyewe, kwa mazoea.

Ndani, skrini ilikuwa inang'aa. Binti yangu akaja na chai, akasimama nayo.

"Baba, ona, mpaka ufa wa ukuta!"

Chini ya ule ufa ndipo alipokaa mama yake.

"Na ile ya siku ile?" akamuuliza fundi. "Haiwezi kusafishwa?"

"Picha ikiingia na ukungu ndiyo basi. Ila mashine ilizimwa, kwa hiyo haijafutika. Sauti mtaipata."

"Sauti gani?" nikauliza.

"Kamera hii inanasa sauti, mzee. Hukujua?"

Sikujua. Nikasema tusimsumbue marehemu, lakini binti alikuwa ameshamtajia tarehe.

Kivuli kikatokea kwenye ule ukungu, kikasimama getini. Kengele ikalia. Halafu sauti ya mwanamume, nene, imejaa kiburi: "Kamwambie mwenyekiti sisaini karatasi yake! Simama hapo mpaka uote mizizi!"

Sauti yangu.

Kuna kidude cha ukutani cha kuongelea na mtu wa getini, ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia. Mimi nilibonyeza, nikasema yangu, nikachomoa waya wa kengele, kidude nacho kikafa sauti, nikarudi kochini. Mjumbe wa mwenyekiti alikuwa amenisumbua juma zima na karatasi za maegesho ya magari, nikajua ndiye yeye. Kwa wiki tisa nilijua kwamba nilimwona mtu. Hiki kilichofuata ndicho sikuwa nimekisikia.

"Baba watoto, ni mimi. Umekomea kwa ndani. Nifungulie, kichwa kinazunguka." Kisha akacheka kidogo, kwa shida: "Haya, ngoja basi niote mizizi."

Kivuli kikashuka taratibu, kikawa kifupi.

Fundi akasimamisha picha.

"Ulituambia hakuonekana mtu," binti yangu akasema.

"Hospitali nayo, kama wangekuwa na gari la maana..."

"Baba."

"Na mwenyekiti asingenitumia watu kila siku..."

"Baba. Ulituambia hakuonekana mtu."

Nikafungua kiganja. Ile nailoni ilikuwa imenata kwenye jasho.

"Nilimwona mtu," nikasema. "Na hii, mimi ndiye niliyekataza isibanduliwe."

Hakulia. Aliweka kikombe mezani, akaenda kukaa ncha ya mbali ya kochi, na kochi likalia chwaka. Fundi akawa anakunja waya ambazo zilishakunjwa.

Kengele ikalia.

Kwenye skrini alikuwa mwenyekiti mwenyewe, kofia mkononi, shati limekosa kifungo cha pili, bahasha kwapani. Hakuwahi kuja kwangu kwa miguu yake. Nikabonyeza kidude. Kisha nikakiachia, nikasikiliza.

"Mzee mwenzangu, sijaja kugombana. Nimeandika barua ya kuachia uongozi, Jumamosi nitaisoma. Nimeona nikuletee wewe kwanza. Kamera hizi nilizichagua mimi. Usingizi sipati. Mama wa watu alikuwa hanipiti bila kunijulia hali."

Ningeweza kuipokea ile barua kwenye upenyo wa geti na kusema asante. Watu wawili tu ndio wangejua, na mmoja wao ni mgeni, kazi yake imekwisha.

"Nenda kamfungulie," binti yangu akasema. Hakunitazama.

Nikaenda. Komeo lilikuwa gumu, nikalivuta kwa mikono miwili. Mwenyekiti akanyoosha bahasha, nami nikairudisha kifuani kwake.

"Usinipe hiyo. Ingia ndani, kuna sauti nataka uisikie."

"Sauti ya nani?"

"Yangu," nikasema, nikampisha.