Kilichokutwa Mfukoni

“Acha shati la watu,” dada yake alimnong'oneza, akamvuta mkono.

Nyoosha aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kweli, ulikuwa umeshika kola ya mzee asiyemjua, aliyekaa benchi la mbele yao mahakamani, ukiibana kona iliyojikunja ili ilale. Mzee aligeuka. Nyoosha akamwomba radhi, akaisukuma mikono yote miwili chini ya mapaja na kuikalia.

Jina lake halisi walilijua dada yake na polisi tu. Mtaani aliitwa Nyoosha, dobi wa pale kwenye kona ya kinyozi, mwenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi na pasi ya mkaa nzito kuliko mtoto mchanga. Alikuwa na sharti lake moja: hakuchanganya nguo za watu. Amalize za huyu, azikunje, azifunge, ndipo afungue za yule. Kila mteja alikuwa na siku yake, na mtaa mzima ulijua siku ya nani ni ipi.

Kichwani mwake ndimo hamkuwa na mpangilio huo. Tangu ujanani mlikaa mtu ambaye Nyoosha alimwita Mpangaji, maana hakuwa na mkataba na hakukubali kuhama. Mpangaji alisema ovyo. Alisema wateja wanamcheka, alisema makaa yana macho, alisema kimbia. Vidonge vya kliniki vilimnyamazisha, lakini vilimtetemesha Nyoosha mikono, na dobi anayetetemeka ni hasara kwake na kwa wenye nguo. Siku alipounguza kwapa la blauzi ya nesi, mteja wake, aliviacha. Badala yake akawa anavuta bangi kidogo jioni, nyuma ya kibanda, akijiambia kwamba inamtuliza Mpangaji bila kumharibia yeye mkono. Alijidanganya. Siku nyingine ilimchochea tu, akaongea mpaka kukapambazuka.

Ndivyo alivyokamatwa. Polisi waliokuwa wakimsaka mwizi wa simu walimpekua kila aliyekuwa pale kwenye kona. Wakaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni ya dobi, wakatoa msokoto wa bangi.

“Sikiliza,” dada yake alisema sasa, akiongea kwa pembe ya mdomo. Alikuwa bado na sare ya kazini, ile ya kufagia ofisi za watu. “Ya faini hatuna. Nimepiga hodi kila mlango nimeambulia pole. Ukisema ni yako, unaingia ndani. Na ukiingia ndani na hicho kichwa, mdogo wangu, sijui atakayetoka atakuwa nani.”

“Sasa niseme nini?”

“Sema uliikuta kwenye nguo ya mteja. Wewe si dobi? Nani atabisha?”

Na kweli nani angebisha. Nguo haiguswi na maji wala moto kabla mifuko haijatolewa, na kilichomo huwekwa kwenye aproni mpaka mwenyewe aje. Nyoosha alishawarudishia watu funguo, meno ya bandia, na picha za wanawake wasio wake zao. Alirudisha akiangalia pembeni, na hakutia neno. Mjomba wake aliyemfundisha kazi alimwambia hivyo kabla hata hajamwonyesha namna ya kushika pasi.

“Dada, ya mifukoni hayasemwi.”

“Na ya kichwani je? Hayo utayasema?”

Nyoosha aligeuka. Nyuma yao walikaa watu wa mtaani waliokuja kumtia moyo: kinyozi, mama muuza mboga, na Mwalimu, ambaye ndiye aliyemwekea dhamana. Hakuna hata mmoja aliyejua habari za kliniki. Waliambiwa anatibiwa kifua. Wangejua, nani angemkabidhi shati lake mtu anayesikia sauti, tena ameshika pasi ya moto? Meza ile ikikosa nguo, naye angekosa kila kitu. Dada yake alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa amekesha akitafuta uongo unaofaa.

Mwalimu aliinama, akamgusa bega. Alikuwa mjane mwembamba, mtu wa maneno machache. “Jikaze, fundi,” alisema. “Haya mambo hupita.”

Anajua, alisema Mpangaji. Wote wanajua. Kimbia.

Jina halisi likaitwa. Nyoosha alichelewa kulitambua mpaka dada yake alipomsukuma. Akaingia kizimbani, akashika ubao wa mbele kwa nguvu ili vidole vitulie. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imemshukia puani. Karani alisoma shtaka kwa sauti ya mtu aliyelisoma mara nyingi.

“Umesikia? Ni kweli au si kweli?”

“Si kweli, Mheshimiwa. Mimi ni dobi. Niliikuta mfukoni. Kwenye nguo ya mteja.”

Nyuma watu wakaguna kwa kuridhika. Dada yake akafumba macho. Mwendesha mashtaka akasimama, kijana mwenye koti lililofanya mikunjo mgongoni, na pamoja na hofu yote Nyoosha aliiona mikunjo ile na viganja vikamwasha.

“Mteja gani?”

“Sikumbuki.”

“Hukumbuki. Basi tusaidiane. Polisi wanasema walipofika ulikuwa unapiga pasi suruali ya kijivu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mezani kulikuwa na nguo za nani?”

Hapo ndipo Nyoosha alipoona alichokifanya. Jumamosi ilikuwa siku ya Mwalimu. Haikuwa siku ya mtu mwingine yeyote, wala haikupata kuwa. Yeye na dada yake walikuwa wamebuni mteja asiye na sura, wakasahau kwamba meza ya Nyoosha haina nguo zisizo na mwenyewe.

Watu wa mtaani hawakuhitaji kuambiwa. Kinyozi aligeuka kumtazama Mwalimu. Mama wa mboga naye akageuka, akajisogeza kidogo kwenye benchi. Mwalimu alikuwa ameinamisha uso anatazama mikono yake. Mwalimu wa watoto, na bangi mfukoni! Habari ingefika shuleni kabla yeye hajafika. Lakini hakusimama kukataa, hakutikisa hata kichwa. Alikaa tu vile, kama anayesubiri kuambiwa ni yeye, na Nyoosha aliona aibu.

Kaa kimya, Mpangaji alisema. Umeshapona.

“Mheshimiwa, nimesema uongo.”

Hakimu akavua miwani. “Fikiria kabla hujasema tena.”

“Nikifikiria sitasema. Ile bangi ni yangu. Mwalimu hana kitu mfukoni zaidi ya chaki. Ni yangu mimi, navuta kwa sababu...” Hakutazama nyuma. “Mimi ni mgonjwa wa akili. Nina dawa, nimeziacha, zinanitetemesha. Kuna mtu anaongea humu ndani. Hata sasa anaongea.”

Mtu mmoja alicheka, kisha akajutia. Hakimu hakucheka.

“Anasema nini?”

“Anasema nikimbie.”

“Na wewe unasemaje?”

“Mimi nimechoka, Mheshimiwa.”

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kesi inaahirishwa, mshtakiwa apelekwe hospitali apimwe, aanze dawa, na daktari alete taarifa ndipo mahakama iamue la kufanya naye. Dhamana ingeendelea, kama mdhamini bado anakubali. “Mdhamini yupo?”

Nyoosha akahesabu kuwa ameshafungwa. Halafu benchi likalia.

“Nipo,” Mwalimu alisema. Hakumtazama Nyoosha.

Vidonge vilifanya kazi yao. Mpangaji akashusha sauti, akawa kama mtu anayeongea chumba cha pili, mlango umefungwa. Mikono nayo ikaanza kutetemeka. Lakini hakukuwa na cha kuunguza. Mama wa mboga alimtuma mtu kuchukua mashuka yake yakiwa bado mabichi, eti anasafiri, na kesho yake Nyoosha alimwona palepale akipanga nyanya. Nesi hakuleta tena nguo. Kinyozi alimsalimia kwa sauti kubwa mno, kama anayesalimia kiziwi, kisha akahamisha kiti cha wateja wake kwenda upande wa pili wa barabara. Nyoosha aliwasha mkaa kila asubuhi hata hivyo, akapiga pasi blanketi la meza, akalipiga tena.

Jumamosi Mwalimu akaja na furushi lake.

“Fundi.”

“Mwalimu.”

Alilifungua mwenyewe mezani, jambo ambalo hakupata kulifanya. Suruali zilikuwa zimegeuzwa mifuko yote, ya mbele na ya nyuma, vitambaa vyeupe vimening'inia nje. Hata vile vifuko vya kifuani kwenye mashati vilikuwa vimevutwa na kupinduliwa. Mwalimu alikuwa amekaa nyumbani kwake akaitoa mifuko mmoja baada ya mwingine, ili dobi asiwe na haja ya kuingiza mkono.

Nyoosha alitamani kusema kitu, akashindwa kujua kama ni samahani au ni asante. Akaanza kuirudisha mifuko ndani, polepole, akiilaza kwa kiganja. Akapuliza majivu, akaifunika pasi, akainyanyua. Mkono ulitetemeka hadi makaa yakasikika yakigongana.

Siku zote Mwalimu alikuwa akiacha nguo na kwenda zake, arudi jioni. Leo alivuka barabara, akachukua kiti kile cha kinyozi, akakileta mpaka mezani, akaketi. Macho yake yalikuwa kwenye pasi.

Nyoosha aliishika kwa mikono miwili. Pasi ikabaki hewani juu ya suruali ya kijivu, ikisubiri mikono itulie, na Mwalimu naye akasubiri.