Sanduku la Shule

...na sasa huyu baba wa kwenye filamu amekaa mezani anaangalia chai yake, hasemi, na afadhali asiseme, kwa sababu akisema na mimi lazima niseme, ndiyo kazi yangu, kila Jumamosi alasiri katika kibanda hiki cha video hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nashika kipaza sauti kando ya televisheni, wazungu wanasema Kiingereza chao, mimi nakigeuza Kiswahili cha watu wetu wa Kivu, naongeza chumvi, watu wanacheka, miaka sita sijashindwa na filamu, mpaka hii, na kosa ni langu, sikuitazama kwanza, niliichukua mjini Mbarara kwa kuona kifuniko tu, familia inacheka na mbwa wao, na muuzaji akaapa, "Ssebo, bwana wangu, hii ni ya familia, watu watacheka sana," nikasema hii ndiyo ya kumtoa Eliane nyumbani, maana mke wangu tangu tumzike mtoto wetu Gaju anajua shamba na kanisa tu, na leo ametoka kweli, yuko benchi la pili, amefunga kitenge cha kijani, nami nikafurahi kama mjinga... dakika ya kumi simu ikalia kwenye filamu, mama akasikiliza, kikombe kikamponyoka, nilielewa kila neno, binti yao amekufa, na Eliane alikuwa ameinua uso kunitazama, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mutoto amepata fasi ku masomo ya mbali! Mama amefurahi mpaka kopo imeanguka!" watu wakapiga makofi, basi, njia ya mwongo ni fupi lakini mimi niliikimbia, wakavaa nguo nyeusi nikasema ni kwaya, likaja jeneza nikasema ni sanduku la shule, hapo Léopold, fundi baiskeli, akauliza kutoka nyuma, "Papa Gaju, sanduku ya masomo, juu ya nini banaitia mu udongo?" kibanda kizima kikacheka, benchi la pili halikucheka... Papa Gaju, ndivyo kwetu, ukizaa wa kwanza jina lako linakwisha, unaitwa kwa mtoto, na baada ya mazishi wenye huruma wakaanza kuniita Papa Gisa, kwa mdogo wake, nami niliitikia upesi, naona aibu, niliitikia kama mtu aliyetuliwa gunia, lakini Eliane wakimwita Mama Gisa hageuki, anaendelea kuchambua maharagwe yake mpaka waseme Mama Gaju, ndipo anauliza, "Munasema?"... na huyu mama wa kwenye filamu anafanya nini tena, anamimina chai, cha mumewe alishajaza, anajaza chake, kisha kikombe cha tatu, nao wako wawili tu, acha dada, acha, utaniua... uji, ulikuwa uji wa mtama, siku ile hospitalini Mbarara Gaju alikuwa ameshafunikwa, malaria ilimpanda kichwani, miaka tisa, Eliane akapiga simu kutoka nyumbani, "Anaendelea namna gani?" na mimi mwenye maneno, mimi wa kuchekesha watu mia, nikasema, "Tunarudi leo," wala si uongo, tulirudi, na yeye akafurahi, "Basi nitamupikia uji, nitangoja ku Rwekubo," akangoja pale Rwekubo barabarani na termosi ya uji kifuani, pikapu iliposimama akachungulia dirishani, "Gaju iko wapi?" mimi nikaangalia viatu vyangu, na dereva, Mnyankore wa watu, mwenyeji wa huku, hata jina lake silijui, ndiye aliyemwambia, "Mama, pole sana, mutoto iko nyuma"... dereva, si mimi, mpaka leo neno lile halijatoka kinywani mwangu kwenda kwake, na ile termosi iko juu ya kabati, hatuigusi, nalala karibu na mke wangu na ninamwogopa, na leo nimemleta hapa nimwambie tena kwamba mtoto yuko njiani... "Papa Gaju!" Léopold huyo, "ile kopo ya tatu ni ya nani?" na wengine, "Sema basi, ni ya nani?" naweza kusema ni ya mgeni, naweza kusema ni ya pasta, watacheka, wako tayari, midomo iko wazi, ni neno moja tu na tutamaliza filamu salama, lakini Eliane hanitazami, anakitazama kile kikombe, anakitazama tu, na nikaona kwamba hangoji utani, anangoja kama alivyongoja Rwekubo, basi nikasema, bila chumvi, "Ni ya mutoto. Nilibadanganya. Mutoto alikufa, siku ile ya simu. Papa yake alijua, akaogopa kusema," na sauti yangu ikatoka kubwa mno, kipaza kikapiga mluzi, hakuna aliyecheka, lakini neno lilikuwa limetoka, mbele ya watu wote, amekufa, Gaju wangu amekufa, na paa halijaanguka... Eliane akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuulizia chumvi, "Endelea, Papa Gaju, tunakusikia," na kwenye televisheni yule baba bado anaangalia chai yake, hajainywa, nami nikasogeza kipaza mdomoni nimngoje aanze.